Odessa Tillery, Mwombaji wa Kudumu

Odessa Tillery alikuwa na ufunguo wa kila mlango katika jengo la Idara ya Michezo ya Chuo Kikuu cha Kettle Ridge, Ohio, hata wa chumba cha boila, na bado asubuhi ile ya Oktoba alitembezwa chuoni kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege usiku wa jana. Aliyemtembeza alikuwa binti wa mwaka wa pili aliyevaa fulana ya chuo na kutembea kinyumenyume, kama wanavyofundishwa watembezaji wote, huku akinyoosha mkono mara kushoto, mara kulia.

"Hii ndiyo maktaba yetu," alisema yule binti.

"Naiona."

"Na kule ni uwanja wa riadha. Ulikarabatiwa upya na sasa una..."

"Nilikuwepo, mwanangu. Angalia ngazi, ziko nyuma yako."

Utaratibu wetu ulikuwa wazi, na ulitungwa kwa nia njema. Kila mwombaji wa kazi aliyefika hatua ya mwisho alistahili kutendewa sawasawa na wenzake: alale hoteli kwa gharama ya chuo, atembezwe, aandaliwe chakula cha jioni na mkurugenzi, kisha asimame mbele ya watu na slaidi zake. Haki ni haki. Hivyo Odessa, ambaye nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka hotelini, alilala hotelini. Alipofungua pazia asubuhi alimwona mumewe, Cleophus, akisukuma pipa la takataka hadi barabarani, siku ambayo si ya takataka.

Utaratibu wa pili ndio ulioyajenga maisha yake. Hakuna kundi la waombaji wa mwisho lililoruhusiwa kufika mezani kwa mkurugenzi kama wote ndani yake ni wanaume weupe. Sheria hii haikumlazimisha mtu yeyote kumwajiri mtu yeyote. Ilitaka tu wengine nao waonekane. Na katika idara ambayo wakubwa wake, wakipanga mstari kupiga picha, hufanana kama meno ya chanuo, Odessa alikuwa mwanamke na alikuwa Mweusi, akakidhi matakwa yote mawili kwa kukaa kwenye kiti kimoja. Kila nafasi ilipotangazwa, mtu fulani alimpitia ofisini, akaegemea mlango na kusema kwa upole kwamba ingependeza sana kama naye angeomba.

Akaomba. Alisailiwa kuwa kocha wa gofu, mchezo aliouita matembezi ya watu wenye hasira. Alisailiwa kuwa naibu mkurugenzi wa tiketi. Alisailiwa kuongoza kituo cha kuogelea, naye haingii maji yanayopita kiuno. Alisikilizwa kwa makini, akasifiwa kwa uchangamfu, akapewa barua yenye maneno "ushindani mkali", na Jumatatu akarudi kwenye kazi yake ileile ya kocha msaidizi wa mbio za nyika za wanawake. Hakuna aliyemchukia. Ningefurahi kuandika kwamba walimchukia, maana hadithi ingekuwa nyepesi. Walimpenda mno. Picha yake akicheka ilipamba jalada la kijitabu cha idara mwaka baada ya mwaka, hata wanafunzi wapya wakadhani ndiye mkurugenzi.

Alikuwa mzaliwa wa Youngstown, binti wa mfua chuma ambaye kiwanda chake kilifungwa kabla hajajifunza kazi nyingine. Miguu ilimleta Kettle Ridge; alikimbia hapa akiwa mwanafunzi, akaenda kufundisha elimu ya viungo sekondari, kisha akarudishwa na kocha wake wa zamani, Walt Brubaker, awe msaidizi wake. Walt alikuwa mtu mwema. Alimfundisha Odessa kila alichojua, na baada ya kumaliza kumfundisha alipumzika, akaendelea kupumzika kwa miaka mingi akiwa bado kazini. Katika safari za mashindano yeye alilala kwenye kiti cha mbele cha basi dogo, kofia usoni, na Odessa akaendesha. Odessa ndiye aliyewatembelea wazazi wa mabinti vijijini, akala pai zao na kuwaahidi kwamba watoto wao hawatavunjika nyonga. Odessa ndiye aliyejua nani anatapika kwa mazoezi na nani anatapika kwa sababu nyingine. Makombe yalipokuja, Walt alipigwa picha nayo, akiwa ametoka usingizini na mwenye afya.

Walt alipostaafu, wale mabinti hawakuuliza nani atakuwa kocha mkuu. Walidhani limekwisha. Kiongozi wao, msichana mrefu wa ukoo wa wakulima aitwaye Wren Achterberg, alimwuliza tu kama sasa watahama ofisi.

"Kuna utaratibu," Odessa akamjibu.

"Utaratibu wa kuhama?"

"Utaratibu wa kutafuta kocha."

"Kwani umepotea, Kocha?"

Odessa alinisimulia hayo kwenye maegesho ya magari, akicheka. Kisha akaacha kucheka, akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kutaja ugonjwa wake. "Profesa," akaniambia, "zile nyingine sikuzitaka hata moja. Hii naitaka."

Nami nilikuwa katika kamati ya usaili. Niliteuliwa kwa sifa mbili: nafundisha takwimu, na jina langu lina silabi ambazo mkurugenzi wetu, Garth Lindqvist, huzikaribia kwa woga na kuzikwepa kwa kuniita "rafiki yangu". Garth aliwahi kucheza safu ya mbele katika futiboli ya hapa kwetu, ile ya kofia ngumu na mabega ya plastiki, na maishani mwake kila jambo lilikuwa ama kusonga mbele, ama kurudishwa nyuma. Msimu ule alidhamiria kusonga mbele katika uanuwai na ujumuishi. Wakaguzi wa shirikisho la michezo ya vyuo walikuwa wanakuja kutupima, kama wanavyofanya kila baada ya miaka kadhaa, nao hutoa alama za rangi: kijani, njano, nyekundu. Mara iliyopita tulipata njano. Garth aliichukia njano ile kama alivyowahi kuchukia timu ya Indiana.

Maandalizi yalikuwa mikononi mwa Meredith Kulp, naibu wake wa uanuwai na ujumuishi, mwanamke mweupe mwenye moyo safi na sauti ya mtu anayebembeleza paka ashuke mtini. Meredith alikuwa ameanzisha Wiki ya Kusikilizana. Viti vilipangwa duara, keki ndogo za rangi saba zikawekwa katikati, na kila aliyetaka aliweza kueleza namna alivyojisikia. Wachezaji wa futiboli walihudhuria kwa wingi, wakazisikiliza keki zote mpaka zikaisha. Meredith aliamini kazi yake kwa dhati, na hilo lilinitia aibu kila nilipotaka kumcheka. Kwa kawaida nilisubiri atoke kwanza.

Wazo la kuwaonyesha wakaguzi usaili wa kocha wa mbio za nyika lilikuwa la Garth mwenyewe. "Waje waone tunavyoajiri," alisema. "Siku hiyohiyo. Waketi safu ya mbele." Waombaji wa mwisho walikuwa watatu: bwana mmoja wa Kentucky ambaye simkumbuki hata sura, Tanner Voss, na Odessa. Voss alikuwa kijana wa chini ya miaka thelathini, mwenye taya ya kupendeza, aliyekuwa msaidizi katika chuo kikubwa kaskazini. Hakuwahi kufundisha wanawake, ila alikuwa na falsafa juu yao. Katika kikao chetu Garth alisema Voss anaendana nasi. Niliuliza kuendana huko kunapimwaje. Garth akasema ni swali zuri sana, rafiki yangu, akageukia ajenda iliyofuata.

"Na Dess?" akauliza Meredith, maana ndivyo idara nzima ilivyomwita Odessa.

"Dess ni nguzo," Garth akasema, na mimi nikafikiri, labda kwa ukali usio wa haki, kwamba hilo ndilo tatizo la nguzo: hakuna anayewaza kuihamisha.

Jioni ya matembezi yale tulimpeleka Odessa kwenye chakula cha mwombaji, katika mgahawa wa mbavu za nguruwe ulioko karibu na reli. Tulikuwa wanne: Garth, Meredith, Odessa na mimi. Alivaa koti lake la rangi ya haradali, na alikuwa amejiandaa. Nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa na hofu ya mtu anayetaka kitu. Alieleza atakavyogawa msimu, atakavyowapumzisha wakimbiaji wa mwaka wa kwanza, milima ipi ataiacha na ipi ataiongeza. Garth alisikiliza huku akitikisa kichwa na kutafuna. Alipomaliza sahani yake, alimshika Odessa begani kwa mkono uliofutwa nusu.

"Dess," alisema, "nataka ujue tunavyothamini jambo hili. Kila mara unajitokeza. Kila mara. Watu wengine wangechoka."

"Kuchoka na nini?"

"Na utaratibu. Lakini wewe ni mwenzetu. Na Tanner atakuhitaji sana, nimeshamwambia. Nilimwambia, kijana, msikilize Dess, anajua kila kitu."

Meredith aliweka uma chini. Garth aliendelea kutabasamu. Hakuwa mkatili, alidhani anamshukuru mshirika. Kwa miaka yote ile aliamini kwamba Odessa anafahamu kazi yake katika usaili ni ipi, na kwamba walikuwa wameelewana kimyakimya, kama wachezaji wawili wa safu moja. Haikumpitia akilini kwamba mtu anayeketi kwenye kiti cha mwombaji anaweza kuwa anaomba.

Odessa hakusema neno baya. Alimwita mhudumu, akaomba kisanduku cha kufungashia mabaki, akazipanga mbavu zake ndani kwa utulivu, akamshukuru kila mmoja kwa jina. Mimi alinishukuru mwisho, na jina langu alilitamka lote.

Asubuhi, kabla jua halijapanda vizuri, Meredith alinipigia simu. Nilidhani kuna aliyekufa.

"Amejitoa," alisema.

"Nani?"

"Dess. Ameniachia ujumbe. Amesema anaondoa ombi lake na ananitakia siku njema. Alisema hivyo kweli, siku njema."

Nilimwomba amwambie Garth. Alikuwa ameshamwambia. Kilichomtisha Garth hakikuwa huzuni ya Odessa, kwa sababu hiyo bado hakuwa ameielewa. Ni hesabu, na kwa mara moja maishani hesabu yake ilikuwa sahihi: toa Odessa, wanabaki wanaume weupe wawili, kundi si halali, usaili unasimama, na wakaguzi, aliowaalika mwenyewe safu ya mbele, wanafika saa nne. Hatukuwa na kanuni kwa jambo kama hili. Tulikuwa na kanuni za mwombaji aliyekataliwa, mwombaji aliyekata rufaa, hata mwombaji aliyefariki. Hakuna aliyewaza kwamba yule anayeitwa ili akataliwe anaweza kukataa.

Tulimkuta kwenye mlima wa nyuma ya mazizi, mahali timu inapofanyia mazoezi. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu usiku na kile kilima kilikuwa uji. Mabinti walikuwa wanakizunguka: wanapanda upande wa miti, wanashuka upande wa uzio, wanapita mbele yetu wakihema, kisha wanapotea tena. Odessa alisimama chini na kipenga, mwenye koti la mvua, na alitupokea kama watu waliopotea njia.

"Dess," Garth alianza, viatu vyake vikizama, "tunaomba urudi."

"Sijaenda popote. Niko kazini."

"Kwenye usaili. Urudi kwenye usaili."

"Nije kufanya nini?"

"Usailiwe."

"Halafu?"

Garth akamtazama Meredith, Meredith akanitazama mimi, nami nikautazama mlima.

"Halafu kamati itaamua," alisema Garth.

"Kamati. Garth, jana uliamua ukiwa na mfupa mkononi. Sasa unanifuata kwenye matope uniombe nije nikataliwe kwa heshima."

Wakimbiaji walipita. Wren Achterberg alipunguza mwendo kidogo, masikio yamesimama.

"Magoti juu, Wren," Odessa akasema bila kugeuka. "Haya hayakuhusu." Kisha, walipokwisha kupita: "Yanawahusu, lakini wasipoe."

"Sikumaanisha vibaya jana," Garth akasema.

"Najua. Ndiyo maana nililala vibaya. Ungekuwa mtu mbaya ningelala."

Meredith alisogea mbele. Macho yake yalikuwa mekundu. "Dess, naomba nikuulize kwa moyo wote. Unajisikiaje?"

"Mwanangu Meredith, najisikia nimesimama mvuani na watu watatu wenye digrii. Wewe unajisikiaje?"

"Vibaya."

"Haya. Tumesikilizana."

Sijui mambo yangeishia wapi kama Dkt. Ramona Escajeda asingefika mapema. Alikuwa mkuu wa wakaguzi, mwanamke mfupi wa New Mexico aliyewahi kufundisha voliboli, na alipokuta ofisi tupu aliuliza watu wako wapi, akaelekezwa mlimani. Alishuka akiwa ameshikilia kishikwambi kifuani kama ngao, mifuko ya plastiki imefungwa juu ya viatu vyake. Nilitaraji hekima. Alisalimia, akamwuliza kila mmoja wetu angependa kuitwaje, akaingiza majibu yetu kwenye kile kishikwambi, kidole kikiteleza kwa mvua. Ndipo akauliza kinachoendelea.

Kundi la mabinti likapita tena, na safari hii hakuna aliyejifanya hasikilizi.

"Nimejitoa kwenye usaili," Odessa akasema mwishowe. "Wao wamekuja kunirudisha, kwa sababu bila mimi kundi halitoshi."

"Unajitoa kwa sababu ipi?" aliuliza Dkt. Escajeda. "Nina machaguo matano. Familia, afya, kazi nyingine, umbali..."

"La tano?"

"Nyinginezo."

"Bonyeza hilo."

Dkt. Escajeda alibonyeza. Alikaa akikitazama kishikwambi, na nadhani kwa mara ya kwanza asubuhi ile nilimwona yule kocha wa voliboli aliyekuwa ndani yake. "Mimi niliwahi kuwa mwombaji wa namna hii," alisema. "Albuquerque, Tempe, El Paso. Nilikuwa na begi ambalo sikulifungua." Kisha akajisahihisha upesi, kama mtu aliyekohoa katikati ya hotuba. "Hilo halihusiani na tathmini."

Garth alikuwa hajasikia ila neno moja. "Tathmini," alisema. "Tukiahirisha usaili, ni rangi gani?"

"Njano. Ukiendelea bila yeye, nyekundu."

"Na nikimwajiri sasa hivi? Yeye, Dess. Hapa. Inakubalika?"

"Kwa nini isikubalike? Kanuni zenu zinaruhusu kumpandisha cheo mtu wa ndani wakati wowote, bila usaili."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Nimepitia kumbukumbu zenu wiki iliyopita. Kocha wenu wa gofu alipatikana hivyo, baada ya usaili kuwa umekwisha. Na wa tiketi. Na yule wa kuogelea."

Mvua ilipiga kofia zetu. Niseme kwa haki kwamba Garth aliona haya. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni hadi kwenye nyusi, na kwa muda alifanana na kijana mkubwa aliyevunja dirisha la jirani. Mlango ambao Odessa alizungushwa mbele yake kwa miaka ile yote, akionyeshwa maktaba, haukuwahi kufungwa. Uliachwa wazi kwa wengine, nao walipita bila kulala hotelini. Na Odessa, aliyekuwa na funguo zote, hilo hakulijua. Nilimtazama usoni alipolisikia. Hakuonyesha kitu. Aliupeleka tu ulimi kwenye shavu la ndani, kama mtu anayetafuta jino linalouma.

"Dess," Garth alisema, "nataka uwe kocha mkuu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unastahili."

"Nilistahili jana. Niulize tena kesho, bado nitastahili. Nakuuliza, kwa nini leo?"

Garth alishusha pumzi. Nadhani ndilo jibu la kweli pekee alilowahi kutoa katika mambo haya, na ninamheshimu kwalo, kiasi. "Kwa sababu nina wageni," alisema. "Na wamekaa safu ya mbele."

"Sawa," Odessa akasema. "Hilo nalielewa. Nakubali, lakini Tanner utampigia wewe mwenyewe, sasa hivi, hapa nikusikie. Usimwachie Meredith. Na bwana wa Kentucky pia, maana naye mlimwita bure."

Garth alitembea hatua chache ndani ya matope, akapiga simu akiwa ametupa mgongo. Tulimsikia akisema "ushindani mkali". Odessa alipuliza kipenga. Mabinti walishuka kwa pamoja, wakamzunguka, mvuke ukiwatoka mabegani, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Wren ndiye aliyethubutu.

"Kocha, umepatikana?"

"Nimepatikana."

Hawakupiga kelele nilizotarajia. Mmoja alianza kulia, wawili wakamshika, na Wren akasema kwamba basi leo wangepaswa kupumzishwa, kwa heshima ya tukio.

"Kwa heshima ya tukio," Odessa akasema, "mtapanda tena upande wa miti."

Taarifa ya wakaguzi ilitoka kabla ya sikukuu ya Shukrani ya mwishoni mwa Novemba. Tulipata kijani. Kulikuwa na aya nzima iliyosifu "uthubutu wa uongozi" katika kusitisha usaili uliokuwa umeanza kupoteza dira, na Garth akaiweka aya hiyo ndani ya fremu. Tanner Voss alipata kazi nyingine ndani ya wiki. Watu wanaoendana huendana popote. Meredith alijikuta na tatizo jipya, kwa sababu nafasi ya naibu wa masoko ilitangazwa na hakukuwa tena na Odessa wa kuketi kwenye kiti kile. Alinijia ofisini, akaegemea mlango. Alisema ingependeza sana kama ningefikiria kuomba. Nilimwambia sijui lolote kuhusu masoko. Alitabasamu kwa upole, akasema hilo halijawahi kuwa kikwazo.

Nilitaka kumwuliza Odessa jambo moja, na nililibeba kwa wiki kadhaa kwa sababu sikuamini nina haki ya kuliuliza. Hatimaye nililitoa kwenye mashindano ya kanda, Novemba, katika shamba moja la nje ya Terre Haute, ambako nilijialika ndani ya basi dogo kwa kisingizio cha takwimu. Yeye ndiye aliyeendesha, kama siku zote. Alisema hakumwamini msaidizi wake mpya barabarani. Tulisimama karibu na mstari wa mwisho, ardhi imeganda, mabinti wako mbali nyuma ya vichaka vya mahindi makavu.

"Haikusumbui?" nilimwuliza. "Kwamba ulipewa kwa sababu isiyofaa?"

Alifikiri. Sikuwa na uhakika kama anafikiria swali au anasikiliza nyayo.

"Profesa, wale wa gofu na tiketi walipewa kwa sababu gani?"

"Isiyofaa."

"Umewahi kumwendea hata mmoja wao ukamwuliza kama inamsumbua?"

Sikuwahi.

"Wanalala," akasema. "Nimewaona kwenye vikao. Wanalala wameketi. Mimi nimepewa hii kwa sababu ya matope na wageni wa Garth, na nimeifanya kazi yake tangu Walt alipoanza kusinzia. Ukitaka mtu wa kusumbuka, sumbuka wewe. Una muda, na umesomea."

Nilikuwa nikitunga jibu, lenye sehemu mbili na tahadhari, nikisema kwamba labda kuna tofauti kati ya kustahili na kupewa, na kwamba mtu akipewa anachostahili kwa njia asiyostahili, basi huenda... Kofia ya Wren ilichomoza kwenye kona ya mahindi, nafasi ya sita, kisha ya tano. Odessa alikuwa ameshaondoka, anakimbia kando ya kamba kwa miguu yake ya mtu mzima, akimwambia Wren mikono, mikono, tazama mikono yako.

Walimaliza wa nne kwa jumla. Picha ilipigwa. Mpiga picha alimwomba Odessa asogee katikati na acheke, naye akamwambia amepata picha zake za kucheka za kutosha, apige hivyohivyo alivyo.